Springi za Gari la Silinda Nane

Mume wangu alipofariki aliniachia duka la spea hapa Nsemulwa, nyumba tunayoishi, na gari lisilotembea. Duka na nyumba hakuna aliyevigusa. Ugomvi ukawa gari.

Lilikuwa la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane. Mchimbaji mmoja wa dhahabu alilitelekeza kwenye banda la mgodi mpaka panya wakazaliana kwenye viti, na mume wangu akalichukua kwa kubadilishana na jenereta. Alilitakia jambo moja tu, mbio za magari za kuzunguka kiwanjani. Tulishawahi kwenda kuzitazama mkoa wa mbali, akarudi nyumbani haongei kingine, mpaka nikamwambia kama anataka kuoa lile gari aniambie mapema. Injini aliifufua mwenyewe. Ndipo figo zikamshika. Alikufa gari likiwa juu ya magogo uani, halina giaboksi, halina difu, halina springi.

Msibani sikulia. Wanawake walinitazama sana, wengine wakanong'ona. Wanong'one tu. Nilikuwa nimekufa ganzi, na hata hilo la kunong'onwa halikuniuma.

Baada ya maziko ukoo ukakaa kikao. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, analima mpunga Kakese. Akasema gari analitaka yeye. Atakata paa, ataweka bodi nyuma, abebee mpunga.

"Lipo tu pale, shemeji," akaniambia kwa upole, na kweli hakuwa na ubaya. "Kuku wanataga ndani."

Nikasema halikatwi. Wakanigeukia wote, kwa kuwa tangu asubuhi nilikuwa sijafungua mdomo. Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akafikiri kidogo.

"Siku ya kumaliza matanga tutagawa vitu vya marehemu," akasema. "Siku hiyo gari likitembea lenyewe, ni la mjane. Lisipotembea ni chuma, na chuma ni cha ukoo."

Aliyenisaidia ni mtani wetu. Ukoo wao na ukoo wa mume wangu ni watani tangu mababu, naye ni fundi, alifanya kazi na marehemu miaka yote. Siku ya msiba alivaa ovaroli ya mume wangu akapita katikati ya waombolezaji akimwigiza: anavyotembea ameinamisha bega moja, anavyopiga tairi teke, anavyokuna kisogo akikosa jibu. Ndiyo kazi ya mtani, kumrudisha marehemu kidogo ili watu wacheke. Watu walicheka wakalia hapohapo. Mimi nilimtazama nikawaza tu kuwa ovaroli imempwaya. Hakuivua tena. Alisema ataivua matanga yakiisha.

Tukaanza na giaboksi. Ile ya otomatiki iliyokuja na gari ilikuwa imeungua, na mtani alitaka tufunge ya lori kwa kuwa haivunjiki. Nikakataa. Giaboksi ya lori ni nzito, na gia zake zimetengenezwa kwa mwendo wa subira. Nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta nikimsikiliza mume wangu akihubiri mambo hayo, nikidhani sisikilizi. Kumbe nilikuwa nasikiliza. Nikachagua ya gia tano, ya kukanyaga klachi, kutoka gari la saluni la Kijapani la silinda sita. Ikaja kwa treni kutoka Tabora imefungwa kwenye blanketi. Mchonga vyuma akatutengenezea sahani nene ya kuiunganisha na ile injini, na propela shafti tukaipunguza urefu.

Difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, ilitusumbua zaidi. Ya pikapu ya mizigo inavuta vizuri, lakini gari linaishiwa mbio mapema. Ya saluni ndogo inakimbia, lakini injini ile ingeitafuna. Mwisho nikakumbuka gari la jipu, la petroli, lililopinduka njia ya Sibwesa. Difu yake ilikuwa nzima, tena ni ya aina inayobana, yaani gurudumu moja la nyuma likianza kuteleza kwenye kona, la pili nalo linasukuma.

"Wewe mwanamke," akasema mtani, "ungeolewa kwetu ungetumaliza."

"Kwenu nani angekubali kuolewa?" nikamjibu. Lilikuwa jibu la mazoea tu. Mdomo uliendelea kutaniana, mimi sikuwepo.

Kwenye springi ndipo nikakosea. Mkoa huu mzima tunanunua springi kwa kuwaza gunia. Mteja wa Kakese haulizi gari litakaaje barabarani, anauliza litabeba mangapi. Springi za nyuma za gari lile ni zile bapa, mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mikono yangu ikaongeza bamba, ikaongeza jingine, kama ninavyomfanyia kila mteja. Mtani akarukaruka juu ya buti. Gari halikushuka hata kidogo.

"Tunapeleka mpunga mashineni?" akauliza.

Nikayatoa. Gari la kiwanjani linatakiwa likae chini, lilale kidogo kwenye kona halafu linyanyuke, lisidunde. Mbele tukafunga shokapu za nati, ambazo ukizungusha nati unapandisha au kushusha springi. Sasa ikabaki kulisawazisha, na gari la mbio husawazishwa dereva akiwa ndani, maana uzito wake wote uko upande mmoja. Sikutaka kumkalisha mtani, ni mwembamba. Nikaenda stoo nikatoa mchele wa matanga, madebe manne kwenye gunia, nikamwambia anisaidie kuupandisha kwenye kiti cha dereva. Tukaufunga mkanda. Mtani akazungusha nati huku na huku, akipima kwa kijiti kila kona, mpaka gari likakaa sawa kabisa.

Kisha akajifuta mikono, akatazama lile gunia.

"Madebe manne," akasema. "Nani huyo?"

Alijua. Ulikuwa uzito wa mume wangu akiwa mzima. Ule wa mwisho, wa kwenye mizani ya hospitali, sikuutaka.

"Haya, na anayeendesha kesho ni nani?"

Nikasema tuache, nimechoka. Gunia likalala ndani ya gari, limefungwa mkanda.

Asubuhi ya kumaliza matanga ukoo ulifika mapema, na shemeji akaja na kamba ya kuvutia gari. Wanawake wa jikoni wakanijia maji yamechemka.

"Mama, mchele uko wapi?"

Nikafungua mlango wa gari. Nilifungua mkanda mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aufungue. Wawili wakalibeba gunia, na upande ule wa gari ukanyanyuka, ukabaki juu. Nilisimama nikiutazama. Mtani akachukua spana, akapiga magoti.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akazungusha nati ya upande wangu, akazungusha tena, akapima. Mimi si madebe manne. Ilibidi ashushe sana.

Nikawasha. Mlio ule wa silinda nane ulifukuza kuku wote wa mtaa. Nikaingiza gia ya kwanza, nikatoka uani, nikapita mbele ya ukoo wote hadi uwanja wa mpira, nikazunguka goli la mbali. Kwenye kona gari lililala kidogo, likanyanyuka, halikudunda. Kama mume wangu alivyokuwa akihubiri. Nikarudi nikazima.

"Limetembea," akasema baba mkubwa. "Ni la mjane."

Shemeji akaizungusha kamba yake mkononi, akaiweka chini. Mtani akavua ovaroli, akaikunja, akaiweka kwenye kiti cha abiria. Nikawashukuru wote kwa sauti ileile niliyokuwa nayo tangu siku ya maziko.

Chakula kikaiva. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeniletea sahani, wali umejaa na maharage juu.

"Kula, shemeji. Tangu msiba hujala."

Nikala tonge la kwanza, nikala la pili. Kisha nikakumbuka wali ule usiku kucha ulikuwa umekaa wapi, na ulikuwa uzito wa nani. Nikaweka sahani chini. Nikalia pale mbele yao wote, mpaka wali ukapoa.