Buluu ya Mama Godelieve

Saa moja asubuhi, ndani ya sakristia, chumba cha vyombo vya misa katika kanisa la Westvelde, Godelieve Maertens anakunja mikono ya sweta na kulowesha vitambaa vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa. Leo viko ishirini na vitatu. Anavikamua taratibu, anainua beseni na kuyamwaga maji ya kwanza kwenye sinki dogo la jiwe lililo pembeni. Kisha anainama na kunusa.

"Hakunuki kitu," anasema akicheka. "Udongo tu."

Bomba la sinki hilo huteremka moja kwa moja ardhini, kwani maji yaliyogusa Damu ya Kristo hayachanganywi na uchafu wa watu. Godelieve, mwenye miaka sabini na miwili, ameifanya kazi hii kwa miaka arobaini na mmoja.

Mwaka jana sakristia ilikarabatiwa. Siku ya kwanza, kabla hajamwaga chochote, alisikia sinki linanuka choo. Akaenda kwenye kamati ya parokia.

"Mama, hata pua huzeeka," alimjibu mwenyekiti, Luc Dewaele. Kamati nzima ikaangua kicheko.

Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo Godelieve hakumwaga. Kwa miezi kumi na mmoja alibeba beseni kimyakimya hadi bustanini, hatua themanini, kwenye mvua na theluji, na nyonga yake mbovu. Februari akateleza na kuanguka. Luc akasema basi, kazi imemzidi umri, vitambaa vipelekwe kwa dobi mjini.

"Hapo nilikasirika," anasema Godelieve. "Baridi nimeivumilia. Lakini Bwana wangu aingie mashine moja na soksi za watu? Thubutu!"

Jumamosi iliyofuata aliwasimamisha Luc na Padri Wouter kando ya shimo la majitaka, kifuniko kikiwa wazi. Yeye akaingia sakristia, akakoroga pakiti nzima ya buluu ya kufulia na kuimimina kwenye sinki.

Haikupita dakika. Maji ya buluu yakaja yakitiririka katikati ya maji ya choo.

"Pua imezeeka, eti?" Godelieve aliuliza kutoka dirishani.

Padri alikuwa amepauka. "Mama, miezi yote hii tumemwaga huku?"

"Hata tone, Padri. Yote yako bustanini."

Padri Wouter alilia, na haoni haya kulisema.

Bomba lilirudishwa ardhini wiki hiyohiyo. Luc alichimba mtaro mwenyewe siku mbili, akakataa kupokewa sepetu. "Nilimcheka mbele za watu," anasema, "basi na jasho linitoke mbele za watu."

Fundi aliyekosea, akaliunganisha bomba na majitaka, alikarabati pia kanisa la parokia jirani. Jumatatu Godelieve anakwenda kulipima sinki la huko. Padri wa kule amempigia simu: "Karibu sana, Mama, ila buluu iache nyumbani."

Godelieve anafungua mkoba wake na kunionyesha. Amebeba pakiti mbili.