Kijiko Juu ya Parachuti

Inatangazwa kwa umma mzima, kwa wanaoruka kutoka kwenye ndege kwa hiari yao, kwa wanaotamani kuruka, na kwa wale ambao wakipanda stuli kubadilisha taa huomba dua kwanza, kwamba yupo mtu mmoja ambaye muuza parachuti za uongo hawezi kumpita. Mtu huyo ana pua inayonusa wizi kupitia kioo cha simu. Ofisi yake iko nyuma ya duka la rangi, kati ya friji tatu zilizokufa na moja inayojifanya mgonjwa. Anaitwa Mwewe. Wenye shida wawahi asubuhi, maana akishakula mchana husinzia.

Mwewe ni fundi friji. Jina hilo alipewa enzi alipolistahili, na siku hizi limebaki kumning'inia kama koti la marehemu mnene. Akiwa kijana mwenye nywele aliitwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, kutengeneza friji ya klabu ya warukaji. Friji ikapona. Klabu haikuwa na cha kumlipa, ila ilikuwa na ndege.

"Tukulipe kwa kukurusha?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mbona wateja wote hunirusha," fundi akajibu, "ila nyie ndio wa kwanza kuniomba ruhusa."

Walimpandisha kweli, wakamfunga kifuani kwa mwalimu kama mtoto wa kangaruu, wakatoka naye mlangoni. Aliporudi chini, nusu saa nzima hakudai hata maji. Tangu siku hiyo friji ya klabu ikawa inaharibika kila mwezi, na wapo wanaoapa kwamba haikuwa kazi ya shetani. Akajifunza, akapata leseni, akajichangachanga mpaka akanunua parachuti lake mwenyewe: jekundu, lenye mstari wa manjano kama kiini cha yai.

Kisha akaoa, mke akashika mimba, na baba mkwe akaitisha kikao.

"Sikumwoza binti yangu kwa mtu anayejiangusha makusudi," mzee alisema, na kikao kikaisha.

Mwewe akaliuza. Alilinunua mgeni mmoja mwenye ndevu, akalitia begani na kuondoka bila kugeuka nyuma, kama watu wanavyobeba vitu vya kawaida.

Lakini kwenye kundi la warukaji la mtandaoni hakutoka. Alibaki humo kama mtalaka ambaye bado anahudhuria harusi za upande ule. Wenzake wakipandisha picha za mawingu, yeye anaweka dole gumba. Na kwa kuwa alikuwa na muda, na vijana wapya walikuwa na haraka ya kununua vifaa vya mitumba, ikawa kila anayeliona tangazo humpelekea yeye kwanza.

"Mwewe, huyu anasema parachuti lake linamfaa mtu wa kila umbo."

"Parachuti si kanga. Lina uzito wake na mtu wake. Tapeli."

"Huyu hawezi kupiga simu ya video, anasema kamera ya simu yake imekufa."

"Na hizo picha kumi kapiga na pasi? Tapeli."

"Huyu kaweka kidole juu ya namba ya begi."

"Mwambie akitoe. Akikataa, kidole hicho ndicho kitakachoingia mfukoni mwako."

"Huyu yuko msibani, anataka nimtumie pesa shemeji yake."

"Matapeli wote wamefiwa. Sijui nani huwa anawazika."

Kundi zima lilicheka na kumsifu. Hakuna aliyejiuliza fundi friji, ambaye miguu yake haijaiacha ardhi tangu ndoa yake ikiwa mbichi, amejulia wapi yote hayo. Ukweli ni kwamba utaalamu wake haukutokana na hekima. Ulitokana na kutafuta. Mtu anayekaa barabarani akimkagua kila mpita njia, mwisho huzijua sura za wezi wote. Lakini yeye alikuwa anangoja sura moja. Kila jioni, mikono ikiwa bado inanuka mafuta ya kompresa, alipitia matangazo ya parachuti zilizotumika, nchi hii na ile, jekundu baada ya jekundu. Hili mstari wake mweupe. Hili mstari haupo. Hili si lenyewe. Lala salama.

Siku moja asubuhi, akiwa amechuchumaa nyuma ya friji ya mchinjaji, simu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa nesi wa kliniki ya macho, mwanachama mpya aliyekuwa akiazima parachuti za klabu mpaka akachoka kunuka jasho la watu.

"Shikamoo Mwewe. Naomba unitazamie hili kabla ya jioni, muuzaji anasema kuna mwingine analitaka leo leo. Maelezo yake yamenitoa machozi, au sijui ndio nimeambukizwa na wagonjwa."

Mwewe akafungua tangazo, akakaa chini, sakafuni, penye maji.

Lilikuwa jekundu. Mstari ulikuwa manjano ya kiini cha yai. Lilikuwa limetandazwa kitandani juu ya shuka la kijani lenye ndege weupe, na kwenye pembe ya picha, chini kushoto, kulikuwa na kisigino cha mwanamke. Kitanda kile alikilalia usiku wa jana. Kisigino kile kilimpiga teke usiku wa jana. Picha zile alizipiga yeye, siku ile alipoliuza.

Na maneno chini yake: *Naliuza nikiwa sitaki. Likifunguka linatoa sauti ya shuka zito linalokung'utwa asubuhi, halafu dunia yote inanyamaza. Atakayelichukua asilikunje akiwa na hasira.* Hayo pia yalikuwa yake. Alikuwa ameyasahau. Aliyasoma mara mbili akiyaonea wivu, kama vile yameandikwa na mtu mwenye bahati.

Sasa, angekuwa mwingine ndiye aliyeulizwa, Mwewe angetoa hukumu kabla chai haijapoa. Picha za zamani: tapeli. Bei ya huruma: tapeli. Haraka ya leo leo: tapeli na ukoo wake. Isitoshe, parachuti lenye umri ule hata likipatikana, mkaguzi wa parachuti angekunja uso badala ya kulikunja. Lile dogo la akiba ndani ya begi lingekuwa limechoka, na kile kifaa cha kulifungua lenyewe mrukaji akizimia kingekuwa kimekufa zamani. Haya yote aliyajua. Lakini ndani yake aliinuka wakili mdogo mwenye suti, akakohoa, akasema: je, kama ni yule mwenye ndevu? Je, kama amezeeka, anaona uvivu kupiga picha mpya, akazirudisha zile zile alizozikuta? Wenye ndevu ni wavivu.

Akamwandikia nesi: "Subiri kidogo. Nalichunguza."

Kisha akamwandikia muuzaji, aliyejiita Kapteni.

"Habari ya kazi, Kapteni. Mbona picha ni za zamani?"

"Salama kaka. Parachuti halibadiliki sura, si mtoto."

Mwewe aliona jibu hilo lina busara. Ndiyo ujue hali yake.

"Namba ya begi je?"

"Namba ipo, kaka. Namba si tatizo."

"Nitajie."

"Ni ndefu sana."

"Basi tumtumie mkaguzi wa klabu. Yeye ashike parachuti na pesa mpaka alikague, halafu kila mtu achukue chake."

"Wakaguzi wa siku hizi wezi, kaka. Tuaminiane sisi wawili."

Mchinjaji alisimama mlangoni na kisu. "Fundi, nyama zangu zinaharibika na wewe unachezea simu. Umepata mchumba?"

"Wa zamani," Mwewe akasema.

"Hao ndio ghali," mchinjaji akasema, akarudi ndani.

Mwewe akatumia silaha ya mwisho, ile aliyowafundisha wote: "Nipigie picha moja mpya. Weka kijiko juu yake." Kijiko, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyewahi kuuza parachuti lenye kijiko, hivyo picha hiyo haiwezi kuibwa popote. Ni lazima uwe nalo, na uwe na jiko.

Kapteni alikaa kimya mchana kutwa. Nesi aliuliza mara mbili. "Mwewe, vipi? Jamaa ananibana." Mwewe akasoma, asijibu. Neno lilikuwa moja tu, herufi sita, alishawahi kulitoa bure kwa watu asiowajua. Safari hii aliliandika, akalifuta. Akilisema, parachuti linakufa mara ya pili, na safari hii muuaji ni yeye.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama alikuwa nyumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda kile kile, na picha ya kijiko ikaingia.

Ilikuwa ile ile ya zamani: jekundu, manjano, shuka la kijani. Juu yake kimebandikwa kijiko cheupe kinachong'aa, kisicho na kivuli, kirefu kama kasia. Kisigino cha mke wake kilionekana kama punje ya mahindi kando yake.

Mwewe alikitazama kwa muda.

"Huenda ni upawa," akajiambia.

Akakuza picha. "Kuna pawa kubwa. Za jeshini."

"Za wapi?" mke wake akauliza. Yeye ni karani wa shule, amezoea kusoma barua za uongo za wazazi wa wanafunzi, na alikuwa ameinama nyuma ya bega la mume wake muda mrefu kuliko ilivyo adabu. "Ngoja. Huo si mguu wangu?"

"Upi?"

"Upi? Kuna mingapi hapo? Huo! Na shuka langu la ndege! Nani kauweka mguu wangu sokoni?"

Akamweleza yote, kwa sauti ya chini. Mke akaketi. Kwanza akacheka kile kijiko mpaka akashika mbavu, kisha akaitazama picha tena.

"Nilikuwa na tumbo hivi," akasema. "Ukaniambia nishuke kitandani upige picha. Nikakwambia sishuki, we piga mimi nipo."

"Ukasogea lakini."

"Nilisogea kidogo." Akamgeukia. "Mimi sikukwambia uliuze, unajua."

"Baba yako alisema."

"Baba alisema. Mimi nilisema upunguze. Mwanaume unatoka kwenye ndege inayokwenda, halafu unamwogopa mzee mwenye fimbo."

"Ndege haina macho kama ya baba yako."

Akatabasamu, lakini hakuondoka. "Na ukilipata? Goti lile, mgongo ule. Utaruka?"

Mwewe akafikiri. Hilo lilikuwa swali ambalo hata yule wakili mwenye suti hakuwa amejiandaa kulijibu.

"Nitalitandaza pale sebuleni," akasema mwishowe, "tuvute meza pembeni. Nitazinyoosha kamba moja moja. Nitalikunja polepole, nilalie juu yake ili hewa itoke. Linatoka na pumzi, unajua. Unalisikia chini ya kifua."

Mke alimfuta mafuta kwenye kidevu kwa kidole gumba, akaenda kuangalia chakula.

Simu ikatetemeka. Kapteni, baada ya kazi kubwa ya kijiko, alikuwa amechoka kusubiri, na aliamua kumaliza kwa huruma. Akaenda kuchota pale pale alipochota mengine yote, mwishoni mwa tangazo la zamani, mahali ambapo nesi hakuonyeshwa:

"Kaka, kata shauri sasa. Nisingeliuza kamwe, ila mke wangu anajifungua mwezi ujao."

Mwewe akausoma mstari huo. Aliukumbuka. Aliuandika akiwa ameketi papo hapo, mkono mmoja ukiwa kwenye tumbo lile, na kitu kikigonga kutoka ndani.

Akainua macho. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na jikoni, mbele ya friji, alisimama yule aliyekuwa azaliwe mwezi ujao. Alikuwa amevaa viatu vya mama yake bila ruhusa, anakunywa maziwa kwenye pakiti, na mlango wa friji ameuacha wazi, dhambi ambayo katika nyumba ya fundi friji haina kafara.

"Baba, mbona unanitazama hivyo?"

"Funga friji."

"Nimeshafunga."

"Hujafunga."

Akaufunga kwa kisigino. Baba yake akamtazama akienda mpaka akatoweka kwenye korido, viatu vikimpwaya. Yule mwenye ndevu hakuwapo. Hakuwa amezeeka popote, hakuwa mvivu, hakuwa analiuza. Alikokwenda na lile begi, alikwenda.

Mwewe akamwandikia nesi: "Tapeli. Usitume hata senti. Picha ni zangu, za miaka mingi, na huo mguu ni wa mke wangu. Nisamehe kwa kukuchelewesha."

Nesi akajibu papo hapo kwa sauti, akihema. "Mungu wangu, Mwewe, nilikuwa nimeshafungua simu nimtumie! Nilisema ukikaa kimya dakika moja zaidi, basi ni zuri. Asante, asante sana!"

Nesi hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Kabla sahani hazijatolewa mezani, kundi lote lilijua, na mwenyekiti wa klabu, ambaye hajawahi kuuacha mkutano wowote bila hotuba, akaandika kwa herufi kubwa: NDUGU WARUKAJI, LEO MWENZETU AMETUOKOLEA MWANACHAMA. KWA JICHO LAKE KALI HAKUDANGANYIKA HATA KWA SEKUNDE. KLABU INAMPA CHEO CHA MLINZI WA VIFAA. TUSIMAME WOTE POPOTE TULIPO TUMPIGIE MAKOFI. Makofi ya manjano yakamiminika kwenye kioo, safu kwa safu. Mwenyekiti akaongeza: MWEWE, WAAMBIE VIJANA. ULIMGUNDUAJE HARAKA HIVYO?

Mwewe alisukuma sahani pembeni, akaandika kwa kidole kimoja.

"Sikumgundua. Nilikuwa nanunua mimi."