Dawa ya Mama Niliyoinywa Mimi

Naitwa Wambui, wa Dundori. Nimeombwa niwaeleze nilivyopona, nami nitaeleza, ingawa sina hakika kama huku ndiko kupona.

Nilikuwa muuza maziwa. Kila asubuhi nilishuka Nakuru kwa bodaboda na mitungi yangu miwili, nikipiga domo na wateja hadi maziwa yaishe. Siku moja pikipiki iliteleza kwenye tope, nikavunjika paja. Nilipasuliwa, nikawekwa chuma, nikapewa tembe kali za maumivu. Zilituliza mguu, na pia kila kitu kingine kilichonisumbua maishani. Baada ya miezi mitatu daktari akasema, "Mguu umepona. Hizi tunaacha sasa."

Mguu ulikuwa umepona kweli. Mimi ndiye sikuweza kuacha.

Mnajua kwetu mgonjwa huenda kliniki na daftari dogo la shule, na daktari huandika humo. Daftari likiwa jipya, hakuna anayejua jana ulitibiwa wapi. Basi nikanunua madaftari: moja la Kaptembwo, moja la mjini, moja la Njoro. Kila mahali nilichechemea, nikalia, nikaonyesha kovu. Machozi yalikuwa ya uongo lakini jasho lilikuwa la kweli. Tembe zilinifanya nijikune hadi damu, na choo nilikipata mara moja kwa wiki, tena kwa kulia.

Kliniki zote zilipong'amua uongo wangu, nikageukia daftari la mama.

Mama alikuwa na saratani iliyoingia mifupani. Mimi ndiye niliyemchukulia mofini yake ya maji, ile dawa ya kutuliza maumivu, hospitalini. Nilimwambia daktari, "Mum anaumwa zaidi, hata halali." Akaongeza kipimo. Nilikunywa nusu njiani, nikajaza chupa maji ya mfereji.

Uongo wangu ukawa kweli. Mama akawa halali usingizi. Aliuma blanketi ili majirani wasimsikie. Nami nilikaa kando yake nimetulia, dawa yake ikiwa tumboni mwangu, nikimfuta jasho na kumwambia avumilie. Mungu anisamehe, nilimwambia avumilie.

Sista, muuguzi wa hospitali, alikuja kumwona nyumbani. Akaonja tone la ile dawa, akakunja uso.

"Hii imewekwa maji. Nani anampa shosho dawa?" akauliza. Kwetu kila mama mzee huitwa shosho.

"Ni mimi niliongeza maji," mama akasema bila kunitazama. "Ilikuwa kali sana."

Alijua. Alijua tangu lini, sijui.

"Shosho, usimfunikie," sista akamwambia. Kisha akanigeukia. "Kudanganya daktari ndio upewe dawa kama hii ni makosa kwa sheria, Wambui. Lazima niripoti."

Nilipiga magoti, nikashika sketi yake. "Nikishikwa, nani atamwangalia?"

Aliripoti.

Nikiwa mahabusu, bila dawa, nilitapika na kuharisha kwenye ndoo siku nne. Mifupa iliuma kama inavunjwa upya. Niliomba nife, na nilimaanisha. Mahakamani nilikiri. Lakini kabla hakimu hajanipa kifungo cha nje na matibabu, mama alikuwa ameshazikwa.

Sasa nimemaliza mwaka bila dawa. Bado kuna asubuhi naamka nikiitamani, na siku hizo sioni sababu ya kutoka kitandani. Namshukuru yule sista, na ninachomlaumu ni kwamba hakuja mwezi mmoja mapema. Nawe mwenye daftari la pili kwenye mkoba, mwambie daktari ukweli leo. Atakukasirikia, lakini atakutibu.

Nilimuuliza dada yangu Njeri, aliyekuja kukaa na mama nilipochukuliwa, jinsi alivyokufa.

"Alikufa akiwa amelala," akasema. "Tangu uchukuliwe, alikuwa analala vizuri. Akiamka alikuwa anauliza tu kama utarudi."

Mpaka leo sijathubutu kumuuliza Njeri kama mama aliuliza kwa hamu ya kuniona au kwa kuniogopa.