Futari ya Panya Weupe

Naikumbuka Ramadhani moja, mwanangu, nilipowapelekea panya futari ya jirani na nusura niiue dawa ya malaria. Usicheke bado. Jumatatu unaanza kazi maabara, na bibi yako ana la kukwambia kabla hujalivaa hilo koti jeupe unalojipigia picha nalo tangu jana.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilitunza panya weupe katika nyumba ya wanyama wa utafiti, upande wa Mwanakwerekwe: kuwapa chakula na maji, kusafisha vizimba. Mkubwa wangu alikuwa Bi. Rukia, mtafiti mwembamba, mkali, miwani moja machoni na nyingine kichwani. Alikuwa akijaribu dawa ya malaria. Panya wote aliwatia ugonjwa. Wa kizimba cha kwanza walikula chakula chenye dawa, wa cha pili chakula kisicho na dawa, ili aone tofauti. Alinieleza vizuri sana, nami nikaitikia "Naam, Bi. Rukia" kila alipopumua, kama mtu aliyeelewa.

Baada ya siku chache wale wa kizimba cha pili wakaanza kujikunyata, manyoya yamewasimama. Mmoja wao nilimwita Bwana Harusi, kwa kuwa alikuwa haachi kujipangusa sharubu. Nilipomwona hajipangusi tena, roho iliniuma kweli kweli. Nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi, mwezi huo huo wa Ramadhani, mama hakukubali harufu ya chungu chetu ifike kwa jirani bila sahani kuifuata. Sasa hawa wamepakana ukuta kwa ukuta, mmoja anakula dawa, mwenzake anamtazama. Ni ujirani gani huo?

Basi kila asubuhi nikawa nachota konzi ya chakula chenye dawa, naipeleka kizimba cha pili. Na kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, nachota konzi ya kile kisicho na dawa, nairudisha kizimba cha kwanza. Nikajiona mtu wa dini hasa.

Ikafika siku ya Bi. Rukia kuipima damu yao kwa hadubini. Akatazama. Akabadilisha miwani. Akaifuta hadubini, akatazama tena, akamlaumu fundi wa umeme. Vizimba vyote viwili vilikuwa sawasawa, wote si wazima si wagonjwa. Siku tatu alirudia kupima. Ya nne nikamkuta anaandika barua.

"Dawa hii haifai kitu," alisema bila kuniangalia. "Nshachoka nayo. Nnawaandikia wakubwa waiache."

Mwanangu, mdogo wangu Salum alikuwa hamalizi mwezi bila homa. Dawa ile ilikuwa ikitafutwa kwa ajili ya watoto kama yeye. Na nilijua pia kwamba nikisema, kazi sina. Nilisimama na ufagio wangu mpaka akamaliza mstari wa mwisho na kuikunja barua. Hapo ndipo nilipopata ulimi.

"Bi. Rukia, usiipeleke. Walikuwa wakipelekeana futari."

"Nani?"

"Panya."

Nikamweleza yote. Akavua miwani zote mbili.

"Na sahani ulirudisha?"

"Nlirudisha, Bi. Rukia. Tupu ni aibu."

Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, nami nikadhani nimepona. Kisha akakigeukia kizimba cha pili.

"Hawa wameumwa, Asha, na kuumwa kwao hakutwambii kitu. Sasa sharti nwatie ugonjwa wengine. Huyo Bwana Harusi wako ameteseka bure."

Nililia, mwanangu, na sikuona haya. Hakunifukuza. Alinipa daftari la maabara nikaandika kwa mkono wangu kila konzi niliyohamisha, kisha tukaanza upya na panya wengine. Safari hii nilikaa mbele ya kizimba cha pili, mikono yangu nimeikalia. Nilipoona mmoja amezidiwa nilikwenda kumwambia Bi. Rukia, naye akaja mara moja akamtoa katika mateso kwa sindano ya kumfisha bila maumivu. Kumbe siku zote hizo ningeweza kusema, sikuuliza tu. Na kizimba cha kwanza, damu yao ilisafika.

Kwa hiyo ukiwaonea huruma wanyama wale, na naomba uwaonee, huruma yako ianze mdomoni kabla haijafika mkononi. Uliza. Ukishakosea, sema kabla barua haijakunjwa, maana mimi niliponea chupuchupu. Kiumbe akiumwa kwa ajili yetu, asiumwe bure.

Mungu akuhifadhi, akupe moyo laini na mkono mtulivu, na kazi yako iwafae watoto wa watu. Na hizi sambusa nitakazokufungia Jumatatu, uzile wewe mwenyewe. Nitauliza.