Nani Alimnyonyesha Nani

Mtaani kwetu Gando, posa haipelekwi kabla mtu hajapita kwa shangazi yangu, Bi Mwanawema. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na aliandika jambo ambalo wengine hulisahau: mama gani aliugua akasaidiwa na jirani kumnyonyeshea mtoto, na mara ngapi. Kwa sheria ya dini, ukinyonya kwa mwanamke mara tano, ukashiba, watoto wake ni ndugu zako, huwezi kuwaoa. Zikiwa chini ya tano, hakuna kizuizi.

Madaftari yalipoanza kuliwa na mchwa, mwanawe alimletea kompyuta, naye akajifunza kuchapa kwa vidole viwili. Kila mnyonyeshaji alikuwa na faili lake. Walio hai folda moja, marehemu folda nyingine. Mtu akifariki, Bi Mwanawema humwombea dua, kisha humhamisha.

Januari nilimwekea utaratibu wa nakala kwenye diski ya nje. Nilimweleza kwamba mara ya kwanza programu hunakili kila alichokichagua, na baada ya hapo, kila Ijumaa, huchukua tu kilichoongezwa au kubadilishwa.

"Kama mtungi," akasema. "Humwagi maji ya jana ukateka upya. Unajazia."

"Ndivyo, shangazi. Haya, tia tiki kwenye unavyotaka vihifadhiwe."

Nikaenda jikoni kuepua chungu. Niliporudi alikuwa kashamaliza. Sikukagua. Kumkagua shangazi yangu si jambo jepesi.

Novemba radi ilipiga mnazi nyuma ya nyumba, na kompyuta ikatoa harufu ya waya ulioungua. Haroub, fundi wa Wete, aliifungua, akaitazama, akaifunga.

"Diski ya ndani imekufa, Bi. Haifufuki."

"Mie n'na nakala," akajibu shangazi, kwa madaha.

Kesho yake akaja Bi Kauthar, akipiga hodi huku keshaingia. Mpwa wake Hafidh alitaka kumposa Nahla, binti wa marehemu Bi Ummkulthum.

"Na watu wanasema Hafidh alinyonya kwa Ummkulthum, mamake alipolazwa hospitali. Mamake hajui mara ngapi. Kijana hali, halali. Nitazamie, shoga yangu."

Nikachomeka diski kwenye laptop yangu. Picha za maulidi zilikuwamo. Mapishi ya mkate wa mofa yalikuwamo. Walio hai walikuwamo. Marehemu, hakuwamo hata mmoja.

"Shangazi, marehemu hukuwatia tiki?"

"Si ulisema inachukua kilichobadilika? Maiti anabadilika nini?"

"Na mofa je?" akadakia Bi Kauthar. "Mofa una habari mpya kila Ijumaa?"

"Nyamaza weye. Mofa wenyewe unaula."

Lakini shangazi hakucheka. Alikaa, mikono mapajani.

"Nilimuuliza Ummkulthum mwenyewe, nikaandika, na daftari lenyewe mchwa wamelimaliza. Kunyonyesha alinyonyesha. Idadi siikumbuki, na sitasema nisichokikumbuka. Nikiwaruhusu nao ni ndugu, ole wangu. Nikiwatenganisha bure, ole wangu vilevile."



"Bi Ummkulthum alifariki lini?" nikauliza.

"Machi."

Basi Januari alikuwa bado hai, na faili lake lilikuwa kwenye folda ya walio hai. Kumhamisha kwenye kompyuta hakukufuta kilichokwisha kunakiliwa, kwa sababu diski huweka nakala ya kila Ijumaa peke yake. Nikarudi nyuma mpaka Ijumaa ya kwanza, nikafungua.

Faili lilikuwa na mistari sita. Bi Mwanawema akavaa miwani, akasoma kimya, kisha kwa sauti:

"'Hafidh. Siku moja, mara tatu. Ya nne alikataa ziwa, akalia mpaka bibi yake akaja kumchukua.'"

"Tatu?" akauliza Bi Kauthar. "Apa!"

"Soma mwenyewe."

"Mie sina miwani."

"Basi tatu. Shehe nitamwambia kwa mdomo wangu."

Bi Kauthar akapiga kigelegele palepale chumbani, mpaka kuku wakakimbia uani. "Kumbe yule mtoto alikuwa na akili tangu mchanga! Angeongeza mbili angekosa mke!" Akatoka mbio huku simu iko sikioni, mguu mmoja kiatu chake, mguu wa pili cha shangazi.

Tulibaki wawili na diski. Marehemu thelathini na wanane, waliofariki kabla ya Januari, hawakuwa popote isipokuwa kichwani mwake.

"Fungua folda mpya," akasema. "Na hiyo tiki itie mbele ya macho yangu."

Nikaitia.

"Andika. Bi Time binti Makame. Alinyonyesha watoto watatu wasio wake. Mmoja nina uhakika naye."

"Na hao wawili?"

"Andika sina uhakika. Kesho tunakwenda Wingwi kuwauliza wazee wao. Vaa viatu vizuri, njia mbovu."