Ng'ombe Aliyefika Juu Vipande Viwili

Jumapili vijana wa Mkoani waliandaa mashindano ya kupanda kilima kutoka bandarini, kwa sharti kila mshiriki ajigeuze kitu kwa mavazi ya kuigiza. Mimi na shemeji yangu tulijigeuza ng'ombe mmoja: yeye mbele na kichwa, mimi nyuma, nimeinama, nimemshika kiuno, sioni ila suruali yake.

Tulikuwa tunaongoza. Karibu na kilele, fahali wa kweli aliyefungwa kando ya njia akatuona, akakata kamba.

"Yarabi!" shemeji akapiga kelele, akachomoka na kichwa chake.

Nikabaki nusu ng'ombe, natimua mbio bila kuona. Bi mmoja aliyekuwa akianika karafuu akanidaka mkia, akanigeuza.

"Huko uendako ndiko aliko fahali, baba!"

Nilifika juu wa mwisho. Shemeji alikuwa keshaanza kupokea pongezi.

"Ng'ombe wetu kashinda!" akaniambia bila haya.

Viongozi wengi hufika juu vivyo hivyo, na makofi tunawapigia. Lakini mzee aliyekuwa mwamuzi alimtazama shemeji, akanitazama na mimi nilivyokuwa nahema.

"Kichwa peke yake si ng'ombe," akasema. "Hiyo ni supu."