Weris na Woka Iliyofungwa Kamba ya Mbuzi

Hapa Iftin, kama hujapigwa na Weris, wewe bado mgeni. Mimi, jirani yake Kulow, amenipiga sana, na mimi ndiye mwanaume mwenye nguvu kuliko wote mtaa huu, uliza yeyote. Huyu mama anauza maziwa ya ngamia sokoni. Akiwa msichana kule Hadado alimvunja fisi taya kwa mchi. Fisi mwenyewe, nasikia, alihamia Somalia.

Sasa kijana wake Sakariye alitumiwa woka na kaka yake wa Marekani. Ni kile kigari cha plastiki, mtoto anatumbukizwa katikati, anasukuma kwa miguu. Binti wa Sakariye, Idil, akawa anakaa humo asubuhi mpaka magharibi. Siku moja kigari kikateleza hadi kwa jiko, birika la chai likapinduka, likamkosa mtoto kidogo tu. Mtu mwenye akili angekitupa. Sakariye akakifunga kamba kwa nguzo ya nyumba, kama mwana-mbuzi! Mtoto akawa anaizunguka nguzo kwa ncha za vidole vya miguu.

Watoto wa rika lake walitambaa wote. Idil ukimweka mkekani anaanguka kama gunia. Nesi wa kliniki akasema mtoeni humo, alale kwa tumbo, ajifunze kujivuta, la sivyo kutembea kutachelewa.

Sakariye akacheka. "Atambae kwa nini, yeye ni nyoka?"

Weris aliyasikia hayo akirudi kutoka sokoni. Alitua madumu ya maziwa, akaokota shoka la kuni.

"Hooyo, mama yangu, hapana! Hiyo zawadi ya kaka!"

"Toa mtoto, ama nakata na wewe."

Sakariye akamrushia mkewe Hinda mtoto, akalalia woka. Weris akamtwanga mpini mgongoni, akamvuta sikio, akamzaba kofi mpaka mdomo ukapasuka. Mimi nikaingia kutenganisha, kishujaa. Akaniuma mkono! Alama iko, njoo uone. Halafu shoka likashuka, pa! pa! Vipande vikaruka mpaka juu ya mabati, damu ya Sakariye imetapakaa mkekani.

Kuanzia hapo Idil akalazwa chini kila siku, analia, na Weris mlangoni na shoka.

"Atakayemwinua, nitamlaza yeye."

Hinda naye analia. Sakariye, mdomo umevimba kama andazi, anamwangalia mama yake kama mtu anayechagua jiwe la kurusha.

Jioni moja gurudumu la ile woka likaonekana chini ya kitanda. Idil akaliona. Akainua kichwa. Kiwiko kimoja, kingine, tumbo linaburuta, anakoroma kama ngamia mwenye mzigo. Akalifikia.

"Hooyo! Anatambaa! Wallahi anatambaa!" Sakariye akaruka kumkumbatia mama yake.

Kofi likamkuta hewani.

"Mjinga! Unaruka na mtoto anakula gurudumu? Toa!"